Mafaili Matupu ya Mradi wa Visima

Kompyuta ya ofisi yetu ilikuwa na feni mbili, na meneja alikuwa na moja. Hilo peke yake linatosha kueleza nani alikuwa mkubwa pale Shinyanga. Ilikaa chumba cha peke yake, dirisha limezibwa kwa ubao ili vumbi lisiingie, na asiyevua viatu mlangoni hakuruhusiwa kukanyaga ndani, hata angekuwa nani. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa mradi wa visima. Nilikuwa msichana niliyetoka kusomea uhazili Tabora miaka ile ya themanini, nikapewa mashine hiyo kwa sababu dada aliyenitangulia aliacha kazi ghafla akamfuata mumewe kwenye dhahabu, upande wa Geita.

Mtaalamu wa kizungu aliyekuja na kompyuta alinifundisha upesi upesi, kisha akaenda likizo kwao. Alipokuwa anaaga alinionya kwa Kiswahili chake cha kuchonga, kidole kimesimama: "Usifute kitu hujui." Nikaishika ile kauli kuliko nilivyoshika mengine yote aliyonifundisha, ambayo kusema kweli yalikuwa machache.

Kazi zetu zilikaa kwenye disketi, vile vibapa vyeusi vyembamba vinavyovalishwa bahasha. Boksi la disketi lilikuwa limekwisha, na kupata jingine ilikuwa mpaka mtaalamu arudi nalo. Basi nikawa natumia moja ile ile. Juma hilo nilikuwa napiga chapa orodha ya vijiji vitakavyochimbiwa visima kiangazi kile. Wageni wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa, na meneja alitaka orodha iwe mezani kwao kabla hawajamaliza chai. Nilipomaliza nikaiamuru mashine iihifadhi. Ikakataa. Ikasema disketi imejaa. Nikaiuliza nafasi iliyobaki, ikajibu kwamba ipo tele.

Mimi si mtu wa kuvumilia jambo la namna hiyo. Ukisema umeshiba, usinionyeshe sahani tupu. Niliizima, nikaiwasha, nikaizima tena, nikatoka nje kupunga upepo, nikarudi. Jibu lilikuwa lile lile.

Bahati nzuri siku hiyo fundi kutoka Mwanza alikuwa amekuja kutengeneza printa. Akavuta kiti, akabonyeza, majina ya mafaili yakaanza kushuka kwenye kioo kwa herufi za kijani. Akayasimamisha katikati. "Haya ni ya nani?"

Nikainama kusoma. KOFIA. JOGOO. MIWANI. KIKOHOZI. FIMBO. MAPACHA. MICHEMBE. Yaliendelea hivyo hivyo, mengi mno, na mbele ya kila moja ukubwa wake: sifuri. Sikuwahi kuyaona. Au niseme niliyaona yakipita, nikadhani ni mambo ya ndani ya mashine yenyewe.

"Disketi hii ina kikomo cha majina," fundi akaeleza. "Faili likiwa tupu halibebi maneno, lakini limekalia kiti. Viti vimejaa, orodha yako haina pa kukaa. Futa haya."

"Na kama yana kazi?"

"Sifuri ina kazi gani? Futa, dada. Hakuna atakayeumia." Akafunga mkoba wake wa vyuma, akaenda kuwahi basi.

Kama ingekuwa disketi ya mtu mwingine na kijiji cha mtu mwingine, ningefuta pale pale. Lakini nilikuwa na jambo langu rohoni. Kijijini kwetu, mbele ya Kahama, maji yalikuwa ya kufukua kwenye mchanga wa mto mkavu, unasubiri shimo lijae kidogo, unachota kwa kata. Mama yangu alikuwa anatoka kabla ya jua na kurudi limeshakuwa kali. Siku nilipomwambia nimepata kazi mradi wa visima alicheka, akasema, "Sisi tumeshaandikwa kwenye mashine yenu." Kijiji kizima kilisema hivyo: tumeshaandikwa. Nikaja ofisini na furaha yangu, nikapekua kila orodha, ya mwaka uliopita na ya mwaka unaokuja. Kijiji chetu hakikuwamo. Sikumwambia mtu. Nikajipa moyo kwamba kama kweli kimo kwenye mashine, basi kimo mahali nisipojua kufungua.

Sasa yale mafaili yasiyojulikana yalikuwa mbele ya macho yangu. Vipi kama utupu wenyewe ni wa kuonekana tu? Vipi kama mtaalamu ameficha humo vipimo vya vijiji na akirudi atavifunua? Nifute kisima cha mama yangu kwa kidole changu mwenyewe, eti kwa sababu fundi wa printa kasema hakuna atakayeumia? Na nisipofuta, orodha haiwi, wageni wanaondoka, na kisima hapati mtu yeyote.

Nilikwenda kwa meneja. Alikuwa anakula karanga.

"Amua wewe," akasema. "Mwenye kompyuta ni wewe."

"Na nikiharibu, bosi?"

"Ukiharibu, hiyo ni hujuma." Akacheka, lakini miaka ile neno hujuma halikuwa la kuchekea, na yeye alikuwa wa kwanza kuacha kucheka.

Nilikosa raha. Nilikaa, nikasimama. Nilipanga penseli, nikazipangua. Nilifungua KOFIA, nikakuta kioo cheusi na mshale wa kijani unapepesa, nikafunga. Nilifungua KIKOHOZI, vile vile. Nikakumbuka foleni za sukari za miaka michache nyuma, tulivyokuwa tukiacha mawe dukani kutushikia nafasi, kila mtu na jiwe lake, mwingine tofali, mwingine kopo lililotoboka. Jiwe ni jiwe, halinunui sukari. Lakini ole wako ulisogeze la mwenzako. Nimeshuhudia wanawake wazima, wenye heshima zao, wakishikana kanga kwa ajili ya kopo bovu. Basi nani aliweka haya mawe kwenye disketi yangu, na wenyewe wako wapi?

Wa kuulizwa alikuwa mmoja tu, yule dada aliyenitangulia, na yeye alikuwa machimboni. Kesho yake gari la mradi lilikuwa linapeleka vipuri vya pampu Runzewe. Nikamwomba meneja ruhusa. Akaniangalia kama anayeagana na mwendawazimu, akasema nirudi kabla ya Ijumaa, nisiporudi nisirudi kabisa.

Safari ile sikuifurahia hata kidogo. Dereva alipenda kuzungumza, mimi nilipenda kunyamaza. Kahama, Ushirombo, barabara ikawa mashimo yenye barabara ndani yake. Runzewe nilishuka, nikapata lori la magunia ya mihogo mpaka Katoro, na pale mwenye baiskeli akanibeba kwenye keria hadi machimboni. Kila aliyenipita alikuwa na haraka, na kila mmoja aliniuliza kama nina mawe yenye dhahabu ya kuuza. Nilikuwa na mkoba wa mkononi na kichwa kinachouma.

Dada huyo hakuwa mgumu kumpata. Ulitaja tu mpiga chapa wa Shinyanga, unaonyeshwa moshi. Alikuwa anapikia wachimbaji chini ya turubai, karibu kabisa na maduara, yale mashimo marefu wanayoshukia kwa kamba, na sauti yake ilisikika kabla hujamwona. Alikuwa mtoto wa mjini, bibi yake wa pwani, mwenye maneno ya kukopesha nchi nzima.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Wewe si ndiye uliyekalia kiti changu? Mashine haijakuua bado?"

Nikamweleza nilichofuata. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akacheka mpaka wachimbaji waliokuwa wanakula wakageuka.

"Umetoka Shinyanga kuja kuniuliza Kofia na Jogoo? Ama kweli wewe mtumishi." Akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Kisha akaketi kwenye gogo, akanipisha kidogo nikae, na akanieleza.

Watu walikuwa wakija ofisini kuomba visima. Walikuwa wanatoka mbali, wazee na kina mama, wengine kwa miguu, wengine kwa nauli za kuchangiwa. Mzungu yuko porini, meneja amejifungia. Wanaletwa kwake yeye mwenye mashine.

"Sasa nani awaambie hapana? Mimi? Mtu mzima amevua kofia, kaishika kifuani, ananiamkia mie binti mdogo! Nikawa nawapa kiti, nageuza kioo wakione, nabonyeza. Mashine inalia pii, taa inawaka. Nawaambia mmeandikwa. Wanashukuru mpaka unaona haya. Walikuwa wanaondoka wameridhika, haki ya Mungu."

"Na yale majina?"

"Nilijiwekea alama mwenyewe nisiwasahau. Aliyevua kofia, aliyeleta jogoo, aliyekohoa muda wote, yule mama wa mapacha. Nilikuwa na nia, usinitazame hivyo. Nilisema mambo yakinyooka nitaandika vijiji vyao ndani."

"Hukuandika."

"Mzungu angefungua akute vijiji asivyovipima, ningekuwa hapa mapema zaidi." Akachochea moto. "Na sasa ukiniuliza Kofia alitoka kijiji gani, sikijui. Sikuwauliza hata. Ungewauliza, wangekuuliza na wao: lini?"

Nilijua nitakalouliza na sikutaka kuliuliza. "Na Michembe?"

Uso wake ukang'aa. "Huyo namkumbuka! Mama mmoja mwembamba, kanga mpya hata haijafuliwa, kaniletea mfuko mzima wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Hakuwa na haraka kama wenzake. Akaniambia ana binti anasomea uhazili Tabora, akataka kujua kama na yeye ataiweza mashine kama hii. Nikamwambia ataiweza."

"Ni mama yangu."

Wachimbaji waliendelea kutafuna. Yeye aligeukia sufuria, akaikoroga. Kisha akasema, "Basi michembe yenu mitamu," halafu akaona hapakuwa mahali pake, akanishika mkono. "Pole, mdogo wangu. Pole sana. Lakini futa tu. Yalikuwa matupu tangu siku ya kwanza."

Nilikasirika. Nisidanganye, nilikasirika kweli kweli. Nilitaka kuipindua ile sufuria yake. Alikuwa amenipikia chakula na nikakila, kwa sababu njaa haina adabu, na kila tonge lilinipandisha hasira upya. Kijiji kizima kimekaa kusubiri mlio wa mashine! Na huyu hapa, anacheka na wachimbaji, anaitwa dada na kila mtu. Kilichonikera zaidi ni kwamba sikuweza kumchukia inavyotakiwa. Nilijiona pale kwenye kiti chake, mzee amevua kofia mbele yangu, na sikuwa na hakika kidole changu kingefanya nini.

Kurudi nilipanda lori jingine la kwenda Kahama, na badala ya kupitiliza Shinyanga nikashuka njiani, nikaingia nyumbani. Mama alikuwa uani anatandaza mtama.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Umefukuzwa kazi?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nikaketi kwenye kinu kilicholala, nikamweleza yote, disketi, sifuri, machimbo, pii. Nilieleza vibaya, kwa kurukaruka, maana nilikuwa naogopa kufika mwisho. Nilipofika nikasema, "Kwa hiyo hatumo, mama. Hatukuwahi kuwamo."

Aliendelea kutandaza mtama. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Yule binti aliandika bila kuniuliza natoka wapi. Utaandikaje kijiji cha mtu hujamuuliza jina lake? Nilipokuwa natoka mlangoni nikajua."

Sikuwahi kumgombeza mama yangu, na siku hiyo nilimgombeza. Nilisimama kabisa. Nyuma ya shule palikuwa na shimo la kisima ambalo wanaume walikuwa wamelianza kwa sururu zao, wakafika kwenye mwamba, na habari ya mashine ilipofika wakaweka sururu chini. Mtu gani apasue mwamba kwa mkono wakati serikali inakuja na mtambo? Shimo lilikuwa limekaa miaka, mbuzi wanatumbukia. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia.

"Walinichangia nauli," akasema. "Niliposhuka kwenye basi walikuwa wamekuja kunipokea kwa ngoma. Hata sijafungua mdomo, wanaimba. Ungewaambia wewe?" Akaokota jiwe kwenye mtama, akalitupa. "Na nyumba kadhaa walikuwa wamefunga mizigo wahamie huko huko unakotoka. Waliposikia tumeandikwa wakafungua."

Nikamwambia basi tuliache hivyo. Sijafuta bado. Nitamwomba meneja, nitamsubiri mtaalamu, pengine kiangazi kijacho. Nilianza kupanga maneno ya kumfariji na nikajisikia jinsi nilivyofanana na yule dada wa Katoro.

"Futa," mama akasema. "Kiangazi ndiyo kwanza kimeanza. Wakichimba sasa watafika. Wakisubiri, mvua itazidi kulifukia lile shimo. Wewe futa huko, mimi nitawaambia huku."

"Watakufanyaje?"

"Wataona wenyewe."

Alhamisi jioni nilikuwa ofisini, nimevua viatu. Nikayafuta moja moja, maana njia ya kuyafuta yote kwa pamoja sikuijua. Nilitaja kila jina kwa sauti ndogo na kubonyeza. Sikusikia mlio wowote. Mashine ilikuwa inalia mtu akiandikwa, haikulia akifutwa. La mwisho lilikuwa MICHEMBE, kisha nikaihifadhi orodha, ikakubali mara moja.

Ijumaa wageni walikunywa chai, wakafurahi. Walipoondoka nikamwambia meneja kwamba kuna vijiji vingine viliomba, vingi, na vinasubiri. Akauliza vijiji gani. Nikataja cha kwetu, akakiandika pembeni ya gazeti. "Na vingine?" Nilikuwa na kofia, fimbo na jogoo. Mpaka leo nikipita vijiji vya kule nikaona shimo lililoachwa katikati, nataka kusimamisha gari nikaulize kama kuna mtu alikwenda Shinyanga kuandikishwa.

Kwetu, mama aliwaambia mkutanoni, mchana, mbele ya wote. Hakumtaja binti wa mashine. Alisema alijua na akanyamaza. Baraza likatoa hukumu mbili siku hiyo hiyo: wanaume warudi shimoni, na mama atengwe mpaka atoe ng'ombe. Ng'ombe hatukuwa naye. Kutengwa kwetu si mchezo. Hakuna anayekuamkia, hakuna anayekupa kaa la moto, na mahali watu wanapochota maji wewe huchoti. Habari hizo nilizipata kwa barua ya mjomba, naye aliandika kwa kifupi, akiogopa asije akatengwa na yeye.

Nilipopata likizo nikaenda. Nilipokaribia kijiji nilisikia kamba inalia kwenye roda na wanawake wakiimba. Walikuwa wameupasua mwamba. Kisima kilikuwa na ukingo wa mawe na foleni ya ndoo. Walinisalimia, mimi sikuwa nimetengwa, wakanipa maji kwenye kopo, nikanywa kwa sababu nilikuwa na kiu, na nikaona aibu nikiwa bado nayameza. Mama hakuwapo, wala sikuuliza. Nikashuka mtoni.

Alikuwa amepiga magoti kwenye shimo la mchanga, kata mkononi, anasubiri. Nilianza kupayuka kabla sijamfikia. Nilisema nakwenda kwa mwenyekiti sasa hivi, nitanunua ng'ombe kwa mshahara wangu, nitawaambia bila yeye wangekuwa wanatoa mbuzi kwenye shimo mpaka leo. Aliniacha nimalize.

"Umepita kisimani?"

"Nimepita."

"Wamekupa maji?"

"Wamenipa."

Akageuka kunitazama, kwa mara ya kwanza tangu nifike, uso wake una hamu kama ya mtoto.

"Yana chumvi?"

"Hayana, mama. Ni matamu."

"Matamu kabisa?"

"Kabisa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akarudi kuangalia shimo lake, akachota maji kidogo yaliyokuwa yamejikusanya, akayamimina ndooni bila kumwaga.